Miguu ya Mbena

Kipyenga kililia, na wachezaji sita wa akiba wa Chuo Kikuu cha Nguru wakakimbilia mahali pamoja, upande wa kulia nje kidogo ya boksi, wakapigana vikumbo, wakaombana radhi kwa adabu. Mpira ukapita katikati yao ukatoka nje taratibu, maana hakuna aliyekuwa na shida nao.

"Umeona, Mama Komba," alisema Profesa Lutambi. "Wote wameisoma nafasi ile ile. Huo ndio uelewano."

Veneranda Komba alimtazama kocha mkuu wake kuanzia viatuni hadi kichwani. Trakisuti ya Profesa ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikawa na mikunjo kama suruali ya bwana harusi. Mtu huyu alikuwa bingwa wa mishipa ya fahamu, amesoma nchi tatu, na mpira aliupiga mara moja tu maishani, siku ya kuzindua uwanja, ukaenda kumpata mpiga picha.

"Hata mbuzi wakimwagiwa pumba wanaelewana," alisema Veneranda.

Profesa akacheka. Alikuwa na tabia hiyo ya kucheka akitukanwa, na ndiyo iliyomchefua Veneranda kuliko zote. Mwenyewe alikuwa kocha msaidizi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mabega bado mapana ya beki aliyewahi kuchezea taifa, na mdomo usiokuwa na breki. Ubeki aliustaafu. Mdomo haukustaafu.

Asubuhi hiyo alikuwa anakagua kina cha kikosi. Ligi ya vyuo ilikuwa inafunguliwa Jumamosi, na kanuni ilitaka kila nafasi uwanjani iwe na watu watatu: wa kwanza, wa pili na wa tatu, wote wa kuaminika. Zamani vyuo vilikuwa vinahaha kutafuta hao wa tatu. Siku hizi hakuna chuo kinachohaha. Kuna kofia ya Profesa Lutambi na wenzake. Unamvisha mchezaji hodari, unachota kile ambacho miguu yake inakijua bila kuuliza kichwa, kisha unammiminia mwingine. Ndani ya saa chache kijana aliyekuwa anapiga mpira kwa kidole gumba anatuliza pasi ya mita arobaini kifuani. Nguru walikuwa na wachezaji kumi na tisa wa namna hiyo, na chuo kizima kilitembea kifua mbele.

Wote kumi na tisa walichotewa kwa mtu mmoja, nahodha wao Ludovick Mbena, kwa sababu ndiye alikuwa bora, na Profesa haoni kwa nini unywe maji ya pili wakati ya kwanza yapo. Basi akatokea winga Mbena, kiungo Mbena, hadi beki wa kushoto ambaye ni Mbena. Kila mmoja anasubiri pasi ya Mbena, na hakuna wa kuitoa. Veneranda alilisema hilo tangu mwanzo. Akaambiwa ana mawazo ya kizamani.

Lakini leo aliona jingine, akakaza macho.

Mpira ulikuwa wa kugombea, hamsini kwa hamsini. Kiungo wa tatu akaufuata vizuri, akafika, na pale pale pa kutia mguu akauchomoa wa kulia na kuupisha mpira. Mara ya kwanza Veneranda alimwita mwoga kimoyomoyo. Baadaye winga akafanya vile vile, mguu ule ule. Kisha beki wa kushoto. Kisha beki wa kati, jitu la kutoka Ifakara lenye mapaja kama mitungi, nalo likauchomoa mguu kama binti aliyeona jongoo.

Mmoja tu hakuuchomoa. Alikuwa beki wa kati wa tatu, Shafii Kingalu, kijana mwembamba aliyehamia muhula huu kutoka tawi la Kiloka. Kule alikaa benchi miaka mitatu. Kofia ya Profesa ilikuwa bado haijamfikia. Mpira wa kugombea ulipomjia akaingia na mguu mzima, mlio ukasikika hadi jukwaani, akasimama na mpira wake, akatafuta mtu wa kumpa. Hakumwona. Wote walikuwa kule kulia.

*

"Akiba yako yote inaogopa," Veneranda alimwambia Profesa. Walikuwa maabara, kwenye chumba cha kuchotea, kofia zimetundikwa ukutani na soksi za nyuzi za shaba zimeanikwa chini yake. "Mpira wa kugombea wanachomoa mguu wa kulia. Wote. Ulichota hofu ya mtu ukawamiminia."

Profesa alivua miwani. "Hofu haichotwi. Tunachota ujuzi tu."

"Mguu hauna kabati, huku ujuzi huku hofu. Ukichota, unachota."

"Ni nadharia," alisema Profesa.

Hapo Veneranda angenyamaza. Angeaga, akatafute njia. Lakini alikuwa na hamu ya kumwona mtu huyu amefedheheka japo mara moja, akamsogelea.

"Nikwambie una kina gani? Una timu ya mtu mmoja na nusu. Huyo nusu ni Mbena uliyemmaliza. Mzima ni yule mtoto wa Kiloka, Shafii, na mzima kwa sababu tu hujapata muda wa kumharibu. Ndiye pekee mwenye miguu katika chuo hiki. Wengine wote ni makopo."

Profesa alivaa miwani taratibu. Hakufedheheka. Alikuwa anafikiri.

"Haogopi hata kidogo?" aliuliza.

Mdomo huponza kichwa, na siku hiyo kichwa chenyewe hakikuwa cha Veneranda. Alijua kosa lake kabla Profesa hajasimama.

"Basi ndiye tunayemtaka," alisema Profesa. "Tunamchota yeye, tunawamiminia wote kumi na tisa juu ya ujuzi wa Mbena. Tukianza kesho baada ya Kutajwa kwa kikosi, alfajiri ya Jumamosi tumemaliza. Mama Komba, umeiokoa timu."

"Kumi na tisa mfululizo? Bila mapumziko?"

"Kuna uchovu wa chanzo, ndiyo. Ukimchota mtu na kumpumzisha mwezi, kinarudi chenyewe. Usipompumzisha, kurudi kwake si kwa uhakika." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa ya mji mwingine. "Lakini atakuwa ameridhia. Kanuni iko wazi, anayechotwa aseme kwa kinywa chake. Na vyuo vyote vinafanya."

Veneranda alitoka bila kuaga. Mtu wa namna ile unamuaga ili iweje?

*

Ludovick Mbena alikuwa kantini, sahani ya wali mbele yake na mpira chini ya meza. Nahodha lazima aonekane na mpira, kwa hiyo aliubeba kila mahali.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Mguu wako wa kulia una nini?"

Mbena alitazama huku na huku. Hakujaribu kuficha, na hilo lilimshangaza Veneranda. Alisema kwamba msimu uliopita, siku ya Ijumaa, mazoezini, aliingia mpira na mwenzake akamgonga chini ya goti. Hakuvunjika. Aliumia tu, aliumia sana, na tangu hapo mguu ukikaribia mpira wa kugombea unarudi wenyewe. Jioni ile ile alivishwa kofia kama desturi, na wote kumi na tisa walimiminiwa tangu siku hiyo. Nguru huchota Ijumaa baada ya mazoezi, miguu ikiwa bado ya moto. Ndiyo desturi yao, wanasema mguu wa moto unatoa vizuri.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Mbena alichezea wali kwa kijiko. "Ungenicheka, Kocha."

Veneranda alijua ni kweli. Angemcheka. Angemwita yai.

"Sasa hivi unajisikiaje?" aliuliza Veneranda.

"Sijisikii. Hapo ndipo kazi ilipo." Mbena aliusukuma mpira kwa unyayo, ukagonga mguu wa meza ukarudi. "Zamani nikiuona mpira, hata wa makaratasi, mwili unachangamka. Siku hizi nikiuona ni kama nimeona kiti. Najua ni mpira. Nikiambiwa piga, napiga. Lakini hainihusu."

"Profesa anajua?"

"Aliandika. Alisema inapendeza kitaalamu."

Veneranda aliwahi kumdharau kijana huyu pia. Alimwona anajisikia, anapenda kupigwa picha. Leo alitamani kumwona akipigwa picha moja tu ya kujisikia. Alimwambia ale wali usipoe, akaenda kumtafuta Shafii kwa hasira ambayo haikuwa ya Shafii.

*

Alimkuta nyuma ya stoo ya vifaa, ameketi juu ya kreti, anasugua udongo kwenye daluga. Alikuwa anatabasamu peke yake.

"Profesa amekwita," alisema Veneranda.

"Ndiyo, Kocha. Shikamoo. Nimemwambia nitajibu kesho, lakini jibu ninalo." Alisimama kwa heshima, daluga mkononi. "Amesema miguu yangu itacheza nafasi kumi na tisa kwa mpigo. Mimi, Kocha. Mimi nilikaa benchi Kiloka mpaka mama yangu akaacha kuuliza kama nimecheza."

"Na amekwambia utabaki na nini?"

"Amesema kuna uchovu."

"Uchovu." Veneranda alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya. "Umevikwa kilemba cha ukoka nawe unauliza kioo kiko wapi. Mtazame Mbena. Wamemkamua mpaka mpira na kiti kwake ni kitu kimoja. Wewe watakukamua usiku mmoja. Miaka mitatu ya benchi imekufundisha nini, ujinga?"

Tabasamu la Shafii lilifutika. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtoto aliyelelewa.

"Kesho nakutaja wa kwanza," aliendelea Veneranda. "Beki wa kati, wa kwanza. Kanuni unaijua. Aliyetajwa wa kwanza na akaitika, hachotwi mpaka msimu uishe, hata rais wa ligi aje kwa magoti. Utaitika 'Nipo', utacheza Jumamosi, na hayo makopo yataaibika mbele ya watu kama yanavyostahili. Umenielewa?"

"Na nisipoitika?"

"Usipoitika utakuwa mpumbavu kuliko ninavyodhani, na kiasi ninachodhani tayari ni kikubwa."

Shafii aliangalia daluga yake. "Profesa alinikalisha kwenye kiti," alisema. "Alinipa chai. Akaniuliza nataka nini. Ananidanganya, naona, mimi si mtoto. Lakini aliniuliza. Wewe Kocha tangu nifike hujaniita jina. Leo ndiyo mara ya kwanza unazungumza na mimi, na umekuja kunitukana."

"Nimekuja kukuokoa."

"Sawa," alisema Shafii. "Lakini wenzangu unawaona makopo. Ndivyo ulivyosema kule maabara, Profesa ameniambia. Nikicheza Jumamosi ukanitazama hivyo hivyo, nitakuwa nimeokoka kitu gani?"

Veneranda alikuwa na la kumjibu. Angemwambia kwamba alipoingia ule mpira asubuhi, yeye Veneranda Komba alisimama kwenye benchi bila kujijua, na kwamba miaka mingi hakuna mchezaji aliyemsimamisha. Lilikuwa neno dogo. Lakini hakuwa na mazoea ya kulisema, na badala yake akasema, "Kesho saa tisa. Usichelewe," akageuka.

*

Kutajwa hufanyika ukumbi mkuu, siku ya kuamkia ufunguzi. Wachezaji hukaa mbele, wanafunzi nyuma na ngoma zao, mkaguzi wa ligi pembeni. Kocha msaidizi husimama peke yake na kutaja kikosi kwa kichwa. Anataja nafasi, anataja jina. Mchezaji husimama akaitika "Nipo". Asipoitika anaitwa tena, na tena. Baada ya mara ya tatu jina limepita, na mtu huyo ni huru kwa lolote.

Veneranda alianza na kipa. Kipa wa kwanza akasimama, akaitika, ngoma zikapigwa. Wa pili. Wa tatu. Profesa Lutambi alikuwa amekaa karibu na mlango wa kwenda maabara, miguu ameikutanisha, anatabasamu na kila mtu. Mabeki wa kulia wakaitika. Wa kushoto wakaitika.

"Beki wa kati, wa kwanza," alisema Veneranda. "Shafii Kingalu."

Watu waligeuka. Hawakulitarajia jina hilo. Shafii alikuwa safu ya pili, shati limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya mapaja. Alimtazama Veneranda moja kwa moja. Hakuonekana kuwa na kiburi. Alikuwa anangoja, kama mtu aliyebisha hodi akasikia kuna mtu ndani.

"Shafii Kingalu," alisema mara ya pili.

Profesa aliacha kutabasamu. Mbena, kwenye kiti cha nahodha, alikuwa anatazama mpira uliokuwa mapajani mwake.

Veneranda alijua kijana anangoja nini. Hakuhitaji kuombwa kwa machozi. Ilitosha aitwe kama mtu anayehitajika. Ilitosha "mwanangu". Ilitosha hata "tafadhali", neno ambalo watoto wa chekechea wanalisema wakitaka maji. Alivuta pumzi, akalitafuta. Macho ya ukumbi mzima yalikuwa juu yake, Profesa alikuwa anatazama, mkaguzi wa ligi alikuwa anatazama, na Veneranda Komba hakuwahi kumbembeleza mchezaji mbele za watu tangu azaliwe. Aliona aibu. Baadaye, akijieleza mwenyewe, hakupata neno jingine. Mtu alikuwa anazama mbele yake, yeye akaona aibu kuinama.

"Shafii Kingalu," alisema mara ya tatu, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya siku zote, ya kumwita mtu aliyechelewa mazoezi.

Shafii aliinamisha kichwa. Kisha akasimama, na kwa sekunde moja moyo wa Veneranda ukafunguka. Lakini kijana hakuitika. Alipita kwa adabu mbele ya magoti ya wenzake, samahani, samahani, akaenda kwenye mlango wa maabara. Profesa akamshika bega na kumfungulia.

Mkaguzi wa ligi alikohoa. "Tuendelee, Kocha. Jina limepita."

Hakukuwa na jina jingine la kuweka pale isipokuwa la jitu la Ifakara. Veneranda alilitaja. Likasimama, likaegemea mguu wa kushoto, likaitika "Nipo" kwa sauti nene, na ngoma zikapigwa. Akataja wa pili. "Nipo." Akataja viungo, akataja mawinga, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisimama na kuitika kwa lafudhi ile ile ya Mbena, ya kuburuta silabi ya mwisho. Ukumbi ulishangilia. Kina cha Nguru kilikuwa kizuri sana mwaka huo, mkaguzi mwenyewe alisema.

Mwisho hutajwa nahodha.

"Ludovick Mbena," alisema Veneranda.

Mbena aliinua macho. Alimtazama muda mrefu kidogo, kisha akatazama mlango uliokwisha kufungwa.

"Mwanangu," alisema Veneranda, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Tafadhali."

Mbena akasimama kwa sababu ameambiwa, na akaitika.